Mapovu yakikoma haimaanishi bia imeiva

Anayetengeneza bia nyumbani kwa mara ya kwanza huambiwa hivi: kile kifaa chenye maji juu ya mfuniko wa ndoo ya bia kikiacha kutoa mapovu, bia imeiva, itie chupani. Si kweli.

Mapovu huonyesha tu kwamba gesi inapita pale. Mfuniko usipobana vizuri, gesi hutorokea pembeni, na kifaa kitakaa kimya kutwa nzima huku hamira ikiendelea kula sukari. Baridi ikizidi, hamira huzubaa kabla ya kumaliza kazi. Kinyume chake pia hutokea: bia iliyokwisha kuchachuka ikipata joto huachia gesi iliyoyeyuka ndani yake, mapovu yakaanza upya.

Cha kuamini ni haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000); sukari ikiliwa, namba hushuka. Bia ya nguvu ya wastani huanzia 1.050 hivi, ikashuka hadi karibu 1.010. Pima, subiri siku mbili tatu, upime tena. Namba isiposogea, na iko karibu na ile uliyotarajia, imekwisha. (Uliyopimia ionje, usiirudishe ndooni.) Ukiharakisha, sukari iliyobaki itaendelea kuchachuka ndani ya chupa iliyofungwa, na chupa ya kioo ikizidiwa hupasuka, vigae vikaruka.