Hata vumbi hugawanywa kwa 24

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza kutengeneza modeli za magari ni hili: unatumia gundi gani? Nitalijibu hapo chini, lakini si gundi inayomfanya mtu asimame mbele ya gari lenye urefu wa sentimita 20 na kusema, "Hili nimeliona jana pale Birere," mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Kinachomsimamisha ni vipimo, na siyo vipimo vya bodi peke yake. Modeli zangu ni za skeli ya 1/24, yaani gari la kweli limepunguzwa mara 24. Wengi hugawa urefu, upana na kimo kwa 24, halafu wanasahau unene wa bati, ukubwa wa chembe za vumbi, mng'ao wa rangi na, zaidi ya yote, uzito. Gari likikosea hapo, hata mtoto wa miaka sita anajua ni la kuchezea, ingawa hawezi kukueleza kwa nini.

Nitaeleza kwa kutumia gari ambalo Goma inalijua vizuri: Toyota Land Cruiser HZJ78, lile refu la milango miwili ya mbele na milango ya nyuma inayofunguka kama kabati. Ukoo wake, wa namba 70, ulianza mwaka 1984. Mwaka 1999 ulifanyiwa mabadiliko makubwa: mbele zikawekwa springi za koili, nyuma zikabaki zile za mabamba. Injini yake ya 1HZ ni ya dizeli, silinda 6, lita 4.2. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 2,980. Gawa kwa 24, unapata milimita 124 na kidogo. Tairi lake la 7.50R16 lina kipenyo cha karibu milimita 800, kwa hiyo kwenye meza yangu ni milimita 33. Namba hizi mbili nikizipata sawasawa, gari limeshaanza kujulikana kabla sijakata mlango hata mmoja.

Kwa nini 24? Skeli hii ilitoka kwa watu waliopima kwa inchi: nusu inchi kwenye modeli ni futi moja ya kweli. Wapo wanaopenda 1/43, iliyotokana na treni za kuchezea, na 1/18 ya magari mazito ya chuma. Mimi nabaki na 1/24 kwa sababu ndani yake mkono unaingia, jicho linaona, na gari zima linakaa ndani ya boksi la viatu.

Seti za kiwandani ni nzuri, na anayeweza kuagiza aagize, atajifunza mengi. Ila kwa gari la mtu fulani, lenye historia yake, mimi hujenga bodi mwenyewe kwa karatasi ya plastiki. Na plastiki hiyo ipo mjini. Friji iliyokufa, ukifungua mlango wake, utaona ndani ganda jeupe lililo laini: mara nyingi ni polistairini au ABS, na zote mbili zinakatika kwa kisu na kulainika kwa joto. Vikombe vya yogati vyenye namba 6 ndani ya pembetatu chini yake ni polistairini pia, nyembamba zaidi. Kabla ya kununua ganda la friji kwa wauza vyuma, natia tone la tina (kiyeyushi cha rangi) kwenye kona. Likinata chini ya kidole, nalichukua. Likibaki kavu kama vile halijaguswa, ni plastiki ya aina nyingine ambayo gundi haitaishika. Na hapo ndipo jibu la gundi: kwa plastiki hizi, kiyeyushi kinachoyeyusha kingo mbili na kuzifanya kitu kimoja kinashinda gundi yoyote inayokaa katikati kama utandu. Supagluu naitumia kwa chuma tu. Siiweki karibu na vioo kamwe, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Vioo nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Sasa unene. Bati la mlango wa gari la kweli halifiki hata milimita moja. Ganda la friji lenye milimita 1, ukilirudisha kwenye ukubwa wa kweli, ni chuma cha milimita 24: hilo ni gari la kivita. Huwezi kutengeneza bodi nzima kwa plastiki nyembamba kama jani, itapinda. Kwa hiyo nadanganya pale tu jicho linapoangalia. Mdomo wa madigadi, ukingo wa chini wa milango, fremu ya dirisha, mwisho wa boneti: sehemu hizo nazikwangua kwa ndani, kwa kisu kilichoinamishwa kisha kwa msasa, mpaka ukingo wenyewe ubaki na unene wa karatasi ya daftari. Ndani bado kuna milimita nzima inayobeba bodi, nje unaona bati. Hii ni kazi ya jioni nyingi na hakuna atakayeisifu, lakini ndiyo inayotenganisha modeli na kichezeo. Kwa vitu vinavyoonekana pande zote mbili, kama kibao cha namba au kinga ya matope nyuma ya tairi, plastiki naiacha kabisa. Nakata kopo la soda. Aluminiamu yake ina takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na inakunjika vizuri: ukitaka kibao cha namba kilichogongwa na bodaboda, kikunje kwa kibano, basi.

Mifereji ya milango, yaani nafasi kati ya mlango na bodi, inataka hesabu ileile. Nafasi ya milimita 5 kwenye gari ni milimita 0.2 kwenye modeli, na rangi huijaza haraka. Naichimba kwa mgongo wa wembe, taratibu, mara nyingi kwa mkono mwepesi, niiache yenye kina kuliko inavyostahili. Taa za mbele za gari hili ni duara za inchi 7, ambazo kwenye modeli ni milimita 7.4. Malengelenge ya plastiki ya pakiti za vidonge hutoa lenzi safi sana, na nyuma yake karatasi ya fedha. Wavu wa mbele usiutoe kwenye chandarua, matundu yake yatakuwa kama dirisha la jela. Chujio la chai linafaa.

Nimefika kwenye uzito, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Urefu hugawanywa kwa 24 mara moja. Uzito hugawanywa mara tatu, kwa sababu kitu kina urefu, upana na kimo: 24 mara 24 mara 24 ni 13,824. Gari lenye kilo 2,200 likipunguzwa kihalali linabaki na gramu 159. Gramu hizo haziwezi kulaza springi ya plastiki wala kubonyeza tairi. Ndiyo maana modeli nyingi zinaelea. Matairi yanagusa meza kwa ncha tu, bodi iko juu wima, na gari linaonekana kama limening'inizwa kwa uzi. Uzito lazima uuchonge wewe mwenyewe.

Anza na tairi. Tairi la kweli lililobeba gari linakaa chini kwa eneo lenye urefu wa sentimita 18 hivi. Kwenye modeli ni milimita 7.5. Kwa tairi la milimita 33, kupata eneo hilo unasaga chini yake milimita 0.4 tu, chini kidogo ya nusu milimita. Ni kusugua mara chache juu ya msasa uliolazwa mezani. Halafu pembeni, juu kidogo ya pale panapogusa, naongeza tone la puti na kulilainisha ili ukuta wa tairi utoke nje kidogo, kama unavyotoka kwenye gari lililopakia. Weka gari mezani baada ya hapo, ulitazame kwa usawa wa macho. Limekaa.

Kisha springi. Kabla ya kujenga gari la mtu huwa namwuliza jambo moja: linasimamaje likiwa tupu? Dereva mmoja wa barabara ya Masisi, aliyetaka gari lake kabla hajaliuza, alinijibu bila kufikiri.

"Fundi, langu likiwa tupu linainua mgongo kama mbuzi anayetaka kupigana. Lijaze magunia ya maharage, ndipo linanyooka."

"Umeongeza mabamba nyuma, papa?"

"Mawili kila upande. Njia ile, bila hivyo hufiki."

Jibu hilo lilinipa modeli nzima. Bamba la springi lenye unene wa milimita 8 ni milimita 0.33, nilikata vipande kutoka kikombe cha yogati, nikavipanga kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu hadi kifupi, nikaongeza yale mawili ya dereva, na nikayapaka kivuli tofauti na mengine, kwa kuwa mabamba ya kuongeza hayazeeki pamoja na yale ya kiwandani. Aliamua lioneshwe tupu, likirudi. Basi nyuma nikaliinua milimita 2.5, ambazo barabarani ni sentimita 6. Milimita mbili na nusu! Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Sake anaona mara moja kwamba gari hilo limeshusha mzigo.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kubandika dashibodi ni usukani. Kongo tunaendesha upande wa kulia, ila Goma magari mengi yanaingia kupitia bandari za Bahari ya Hindi, na mjini utakuta usukani wa kulia na wa kushoto pia. Ukikisia, umejenga gari la mtu mwingine.

Rangi nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hali ya hewa yetu ina masharti yake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ziwa liko mlangoni, na mvua za Septemba hadi Desemba hazina mchezo. Duko, rangi ya magari ya garaji, hukauka haraka sana. Kimiminika chake kikiruka, kinapoza uso wa modeli, na unyevu wa hewani unaganda juu ya rangi mbichi. Matokeo ni ukungu mweupe, kama pumzi kwenye kioo, na unabaki humo. Kwa hiyo sipulizi jioni wala wakati mvua inakaribia. Napuliza saa sita au saba mchana, natumia tina inayokauka polepole, na kama ni kopo la kupulizia, nalilaza kwanza kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto. Tena duko inakula plastiki: tabaka la kwanza juu ya praima (rangi ya msingi) liwe umande tu, likauke, ndipo la pili. Fungua dirisha na uvae barakoa, hata kama kazi ni ya dakika tano.

Weupe wa Land Cruiser nao hugawanywa. Mwanga kwenye kitu kidogo haufanyi kama kwenye kitu kikubwa. Nyeupe tupu juu ya sentimita 20 inaumiza macho, na nyeusi tupu inakuwa shimo. Nyeupe naichanganya na tone la kijivu na tone dogo zaidi la rangi ya udongo. Matairi napaka kijivu kizito, sitii nyeusi kabisa. Rangi za garaji zenye chembe za kumeta naziogopa: chembe ambayo kwenye gari la kweli huioni, hapa inakuwa kama sarafu.

Na vumbi ndilo linalosema gari limetoka wapi. Mjini Goma barabara nyingi zimelala juu ya lava, na vumbi lake ni kijivu cheusi. Ukipanda Masisi unakuta udongo mwekundu wa kahawia, unaoshika chini ya milango na kukauka kwa tabaka. Gari la yule dereva lilikuwa na vyote viwili: wekundu kwenye kona za ndani za madigadi, pale maji ya kuoshea hayafiki, na weusi mwembamba juu yake. Vumbi la kweli nalitumia, lakini halitumiki lilivyo. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita ukiirudisha kwenye ukubwa wa kweli ni kokoto ya milimita 2.4. Nasaga kwa mchi, nachuja kwa soksi nyepesi ya nailoni, nasaga tena, mpaka unga upotee kwenye mistari ya kidole. Vumbi la lava lina chembe za kioo ndani yake, kwa hiyo vaa barakoa tena. Nalichanganya na tapentaini, napaka kwa brashi laini, na likikauka nafuta kwa kitambaa kuelekea chini, njia ambayo maji ya mvua yangepita.

Kwa kitako cha kuwekea modeli, jiwe tunalo bure. Lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo hadi katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, bado iko kwenye kuta za nyumba zetu, na ya tarehe 22 Mei 2021 iko upande wa Buhene. Chagua kipande chenye vitundu vidogo kabisa. Kitundu cha milimita 2 ni shimo la sentimita 5 kwenye barabara yako ndogo, na kipande chenye vitundu vikubwa kitakufanya ujenge mapango badala ya njia.

Gari likishakaa juu ya kitako, usilibandike kwa gundi. Tumia skrubu mbili ndogo kutoka chini, zipite kwenye jiwe na kuingia kwenye shasi, moja karibu na kila ekseli, na zikaze mpaka bampa la mbele lishuke kidogo sana. Hapo springi zitaonekana zinavuta, na modeli itafika nyumbani kwa mwenyewe ikiwa nzima hata ikibebwa kwa pikipiki kutoka mtaa wa Katindo hadi wa Ndosho.