Jirani hana kura kwenye kibali chako

"Kaka, nimekwisha. Majirani wameandika barua 19."

Simu ya namna hii hainiishi. Wanaopiga ni Waswahili wenzangu hapa England, wanaoomba halmashauri kibali cha mipango ili ile nyongeza iliyojengwa ubavuni mwa nyumba yao iwe nyumba inayojitegemea, yenye mlango na jiko lake. Leo nimeamua niyaandike majibu yangu, maana koo limekauka.

"Wakipinga wengi, kibali hakitoki." Nani kasema? Pingamizi si kura. Afisa mipango wa halmashauri hahesabu barua, anatafuta hoja, tena hoja za mipango tu: mwanga utakaozibwa, dirisha litakalochungulia kwa watu, maegesho, kelele. Bei ya nyumba ya jirani kushuka haimo. Hofu ya wapangaji "wasiojulikana" haimo. Barua moja ikinakiliwa mara 19, hoja inabaki ile ile moja.

Huyo wa barua 19 nilikaa naye mezani tukazisoma zote. Kumi na nane zilizungumzia bei na "hadhi ya mtaa". Moja, ya bibi wa nyumba ya nyuma, iliandikwa kwa mkono: dirisha la juu lingetazama moja kwa moja jikoni kwake. Hiyo ndiyo ya kujibu! Tukarekebisha mchoro, tukaweka kioo cha ukungu na sehemu ya chini isiyofunguka. Kibali kilitoka, kioo kikiwa sharti.

Idadi ina kazi moja. Katika halmashauri nyingi pingamizi zikifika kiasi fulani, ombi linatoka kwa afisa linakwenda kamati ya madiwani, na diwani anawaza uchaguzi. Wakikukatalia, una miezi 6 ya kukata rufaa kwa mkaguzi wa mipango, ambaye hategemei kura za mtaa wowote. Ukikubaliwa, jirani hana rufaa hiyo. Amebakiwa na mahakama, na huko ataulizwa sheria ilivunjwa wapi.

Kwa hiyo acheni kuzunguka mtaani kukusanya sahihi za kuwaunga mkono. Nileteeni mchoro unaoonyesha mapipa ya taka yatakaa wapi. Nyumbani kwangu wananicheka kwa wimbo huu wa mapipa, lakini nimeona maombi mazuri yakikwama kwa sababu mwenye nyumba hakufikiria taka za nyumba mbili zitapita njia gani.

"Nyongeza ilishapata kibali." Ilikipata ikiwa sehemu ya nyumba moja. Kwa sheria ya mipango ya 1990, kugawa nyumba moja kuwa makazi mawili ni kubadili matumizi. Ombi jipya.

"Kaa kimya miaka 4, itahalalika yenyewe." Zilipendwa. Kwa matumizi yaliyobadilishwa kuanzia 25 Aprili 2024, ni miaka 10. Na ukificha makusudi, hata muda hautakuokoa: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilimgomea mtu wa Hertfordshire aliyejenga nyumba iliyovikwa sura ya ghala la shamba.

"Kibali cha mipango kikitoka nimemaliza." Bado mkaguzi wa ujenzi, atakayetaka ukuta wa kati uzuie moto na sauti. Na kabla ya yote, shika futi upime. Kiwango cha chini cha kitaifa cha ukubwa wa makazi, ambacho halmashauri nyingi zimekichukua, ni mita za mraba 37 kwa mtu mmoja, bafu likiwa la manyunyu. Mteja mmoja alinilipa nimjibie majirani wote, kumbe nyongeza yake ilikuwa na 29.