Sentimita moja iliyozidi: safu za majedwali unapotoa PDF kutoka XML

Wiki mbili zilizopita nililetewa mwongozo wa pampu za maji, kurasa mia na ushee, umeandikwa kwa DocBook (aina ya XML ya kuandikia nyaraka za kiufundi) na umejaa majedwali ya vipuri. Tangu mwaka jana ulikuwa unatoka safi. Safari hii kila jedwali lilikuwa limevuka pambizo la kulia. Kijana aliyeuleta alikuwa ameshinda siku nzima ndani ya stailishiti, yaani faili la kanuni za kugeuza XML kuwa kurasa. Alikuwa amebadilisha fonti na kupunguza herufi mpaka pointi 7, na jedwali bado linachungulia nje.

"Kaka, hii programu imeharibika," akaniambia.

Nikamuuliza kama kuna mtu amegusa pambizo. Kumbe mteja alitaka vitabu vibanwe kwa pete za plastiki, kwa hiyo pambizo zimetoka milimita 20 hadi 25 kila upande. Basi, kesi imekwisha hapo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Zamani maandishi yalibaki na 170, sasa yana 160. Lakini ndani ya XML karibu kila jedwali lilikuwa na safu nne zilizopimwa kwa sentimita: 1.5, 5, 2.5 na 8. Jumlisha uone. Ni 17, na nafasi iliyopo ni 16.

Kinachonisikitisha ni kwamba Apache FOP, programu inayotengeneza PDF, ilikuwa imeshamwambia yote hayo tangu asubuhi. Kwenye logi kulikuwa na onyo linaloanza "The extent in inline-progression-direction (width) of a fo:table is bigger than the available space", na mwisho wake namba mbili zenye alama ya mpt, moja ikiwa ni upana wa jedwali na nyingine nafasi iliyopo. Watu wengi wakiona namba za tarakimu sita wanaruka. Mpt ni milipointi, yaani pointi moja imegawanywa mara elfu. Inchi moja ina pointi 72, kwa hiyo sentimita moja ni milipointi 28,346 hivi. Toa namba ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa 28,346, utajua umezidisha sentimita ngapi kabla hata ya kufungua PDF. Yeye alikuwa amezidisha moja kamili.

Dawa yake ilikuwa nyota. Badala ya colwidth="8cm" kwenye safu ya maelezo, tuliandika colwidth="1*". Nyota maana yake ni fungu la kinachobaki baada ya safu zenye vipimo kamili kuchukua chao. Kwenye ukurasa wa sentimita 16, safu tatu za kwanza zinakula 9, ya maelezo inapata 7. Kesho mteja akibadili mawazo kuhusu pete, safu hiyo itajinyoosha au kujikunja yenyewe. Ukiwa na safu mbili za nyota, "1*" na "2*", na zilizobaki zimechukua sentimita 4, basi 12 zinagawanywa mafungu matatu: moja inapata 4, nyingine 8. Wapo wanaodhani nyota ni asilimia, wanaandika "30*" na "70*". Hakuna ubaya mpaka siku anapokuja mtu kuongeza safu ya tatu na kuipa "1*" akidhani ni fungu la kawaida. Safu hiyo hutoka nyembamba kama uzi. (Utaratibu huu wa nyota umerithiwa kutoka CALS, mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa kupanga nyaraka za kiufundi ulioanza miaka ya 1980. Wanajeshi nao walikuwa na majedwali ya vipuri.)

Swali ninaloulizwa kila mara: mbona kwenye kivinjari jedwali hilohilo linajipanga vizuri bila vipimo vyovyote? Kwa sababu kivinjari husoma seli zote kwanza, kikaona neno refu liko wapi, ndipo kikagawa upana. FOP haifanyi hivyo. Haina upangaji wa upana wa kujitegemea. Usipoipa kipimo cha safu, inazigawia safu zote sawa, na ndiyo maana unaona safu ya "Na." yenye tarakimu mbili imekalia sehemu kubwa kama ya maelezo. Kwa PDF, kupima ni kazi yako.

Sasa niseme ninavyoanza mimi, maana watu hupoteza saa nyingi kwa kuanzia mahali pasipo. Kutoka XML hadi PDF kuna faili la katikati, la FO (XML inayoeleza mpangilio wa kurasa), ambalo wengi hawalioni kwa sababu hati ya amri hulifuta. Litoe kando kwa xsltproc, programu inayogeuza XML kwa kufuata stailishiti:

xsltproc -o mwongozo.fo fo/docbook.xsl mwongozo.xml

Lifungue, tafuta fo:table-column, soma vipimo vilivyoandikwa pale. Vikiwa si ulivyokusudia, kosa liko kwenye XML au stailishiti. Vikiwa sahihi na jedwali bado ni baya, acha stailishiti kabisa, kosa liko kwenye maneno yaliyomo ndani ya seli.

Kwa njia hiyo niliwahi kukamata colwidth="4sm". Mwandishi alikuwa mtu makini sana, ila darasani sote tulifundishwa kuwa kifupi cha sentimita ni sm, na mkono ukaandika ulichozoea. Stailishiti haikuuliza kitu, ikapitisha "4sm" vilevile hadi FOP, ambayo haijui kipimo hicho.

Kosa la hesabu ya safu ni jepesi zaidi ingawa linasimamisha kazi yote. Mtu anaongeza safu ya "Bei", anasahau kubadili cols="4" kuwa 5, na FOP inakataa ikisema seli za mstari zimezidi safu zilizotangazwa. Badilisha namba, ongeza colspec (elementi inayotangaza safu), endelea.

Upande wa HTML kuna lingine ambalo halina uhusiano na hesabu yoyote. Kazi inakatika ghafla kwa maneno "No adjustColumnWidths function available." Hapo kuna aliyewasha kigezo cha use.extensions, mara nyingi akitaka mistari ya programu iwe na namba, huku anatumia xsltproc. Kazi ya kurekebisha upana imeandikwa kama kiendelezi cha Java kwa ajili ya Saxon na Xalan, programu nyingine za kugeuza XML, na xsltproc haikioni. Weka tablecolumns.extension kuwa 0, au hamia Saxon na uhakikishe faili la jar la viendelezi limo kwenye njia ya Java.

Lililobaki ni la kwetu hasa. Mwongozo ule una toleo la Kiingereza na la Kiswahili. La Kiingereza lilikaa sawa baada ya nyota, la Kiswahili likaleta onyo jipya, safari hii kuhusu mstari wa aya uliofurika ndani ya seli. Mkosaji alikuwa neno "kinachounganishwa". Kwa Helvetica ya pointi 9 neno hilo lina urefu wa karibu sentimita 2.8, na safu yake ni 2.5 kabla hujatoa nafasi ya kingo za seli. Hakuna nyota itakayolitibu. Ama upanue safu, ama ulikate neno, na kwenye mashine yangu FOP haikuwa na faili la kanuni za kukata maneno ya Kiswahili.

Lakini silabi zetu huishia na irabu, karibu zote. Niliandika hati fupi ya amri inayopitia seli na kuweka kistari fichwa, U+00AD, kila inapokuta irabu ikifuatwa na konsonanti: kina-chou-nga-nishwa. Kistari hicho hakionekani mpaka neno likatwe pale. Kwa kuwa mkato unakaa mara baada ya irabu, ng', ny, mb na shw hazipasuki. Maneno kama "labda" na "maktaba" yanakosewa, hati inakata la-bda, kwa hiyo nina orodha ndogo ya kuyaruka. Pia siruhusu silabi moja ibaki peke yake mwanzoni au mwishoni mwa neno. Hilo ni jicho langu tu, hakuna kanuni inayolazimisha.

Namba za vipuri usizikate hivyo. Kitu kama PMP-4471/B-STD kikikatwa kwa kistari fichwa, kistari kitachapwa, na mtunza ghala atakinakili kama sehemu ya namba na kuagiza kipuri kisichokuwepo. Pale weka U+200B, nafasi isiyo na upana, baada ya mkwaju. Mstari unakatika bila kuongeza alama yoyote.

Jedwali moja la safu tisa liligoma kabisa. Tulilipa orient="land", likalala ubavu kwenye ukurasa wake, na yule kijana akarudisha herufi pointi 9.