"Tunamtunza wenyewe, hakuna gharama": dhana potofu kuhusu demensia

"Mzee yuko nyumbani, tunamtunza wenyewe, kwa hiyo hakuna gharama." Kauli hii huletwa kliniki na familia baada ya familia, na madhara yake yanatosha sasa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iliigharimu dunia dola trilioni 1.3 za Marekani. Karibu nusu yake si bili za hospitali. Ni thamani ya kazi ya ndugu na jamaa, wastani wa saa 5 kwa siku. Kwa wiki ni saa 35. Hiyo ni ajira isiyo na mshahara wala likizo, na asilimia 70 ya saa hizo hubebwa na wanawake.

Gharama hii haionekani kwa sababu hailipwi kwa mkupuo. Binti anaanza kwa kuomba ruhusa, anapunguza zamu, mwishowe anaacha kazi. Michango yake ya pensheni inakoma, na kaka zake wanaotuma hela za dawa wanadhani wametimiza wajibu.

Shikeni daftari kwa wiki 2 kabla ya kikao cha familia. Andikeni saa za kumwogesha na kumlisha, saa za kumwangalia tu asipotee njia au kuacha jiko likiwaka, mara alizoamka usiku, na nani aliamka naye. Saa za kumwangalia ndizo husahaulika, na mara nyingi ndizo nyingi. Kisha mgawane: asiyeweza kuja alipe wa kumpokea mtunzaji, angalau siku moja nzima kwa wiki. Mtunzaji asiyelala, naye huugua.

"Hati tutaandika akizidiwa." Hapana! Hati ya kumpa mtu mamlaka juu ya fedha husainiwa mgonjwa angali anaelewa anachosaini. Mkichelewa, mtaishia mahakamani. Mgonjwa akilipa bili moja mara 2, anzeni kuandaa hati siku hiyo.

"Ni ugonjwa wa nchi tajiri." Zaidi ya nusu ya wagonjwa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

"Ni uzee tu." Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya thiroidi, sonona na baadhi ya dawa za usingizi pia huvuruga kumbukumbu, na hurekebishika. Ombeni vipimo. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri tarehe ya kliniki: huenda ni maambukizi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.