Binafsi kwa Fedha za Nani?

Kila bajeti ya Wizara ya Afya ya Tanzania inaposomwa bungeni, hatakosa mtu wa kunieleza kwa uhakika kwamba dawa ni moja tu: serikali ijitoe, hospitali wapewe watu binafsi, na huduma zitanyooka zenyewe. Hatakosa pia wa kumjibu kwamba hao binafsi ni wafanyabiashara tu na wafungiwe. Kazi yangu ni kuhakiki madai ya bima ya afya, na fomu zinazopita mezani kwangu hazimuungi mkono hata mmoja wao.

Historia nitaipitia haraka, kwa sababu dawa zote mbili, ya kufungia binafsi na ya kuwafungulia, tumeshazimeza. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za kujipatia faida. Mwaka 1991 ikalegezwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kutoza uchangiaji, yaani mgonjwa alipe sehemu ya gharama. Anayesema leo kwamba hospitali ya serikali ni bure amechelewa kwa zaidi ya miaka 30, ingawa misamaha ya wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo ipo. Ipo kwenye sera, nisisitize. Kwenye dirisha la dawa utaambiwa ukanunue nje.

Linalonikera hasa ni dhana kwamba mwenye hospitali ndiye anayelipia matibabu. Bugando ya Mwanza ni mali ya Kanisa Katoliki, lakini ni hospitali ya rufaa ya kanda na serikali inalipa mishahara ya watumishi wake wengi. Je, hiyo ni ya umma au ya binafsi? Vivyo hivyo hospitali teule za wilaya, yaani za mashirika ya dini zilizoteuliwa na serikali kuwa hospitali za wilaya, ambazo wabishani wetu huzisahau kana kwamba hazijawahi kumtibu mtu. Sasa chukua hospitali ya binafsi yenye marumaru na kiyoyozi. Wagonjwa wengi wanaopanga foleni pale wameshika kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambao mtumishi wa umma huuchangia asilimia 3 ya mshahara wake na serikali, kama mwajiri, ikaongeza 3 nyingine. Mkulima asiye na kadi, kwa upande wake, analipa taslimu katika hospitali ya serikali. Yaani mtumishi mwenye kadi anatibiwa kwa binafsi kwa fedha ambazo nusu yake imetoka serikalini, na mkulima anatibiwa serikalini kwa fedha za mfukoni mwake! Tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi ziliposusia kadi hizo zikipinga bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na malipo ya mfuko huo, zilikuwa zikigombana na mlipaji wao, si na mshindani.

Swali lenye uzito, basi, ni namna mtoa huduma anavyolipwa. Fomu ya aina hii naiona mara kwa mara: mtoto mwenye homa, amepimwa malaria kwa kipimo cha haraka, akapimwa tena kwa darubini, picha nzima ya damu, mkojo, kinyesi na taifodi, majibu yote ya malaria ni hasi, na bado ameandikiwa dawa ya mseto ya malaria pamoja na antibiotiki. Kila mstari una bei yake, na kila mstari ukiongezwa unaongeza malipo. Fomu za namna hiyo hutoka hospitali za binafsi na za serikali pia, kwa kuwa hata hizo sasa zinaitegemea kadi kwa mapato yao ya ndani.

Wapo wanaopendekeza hospitali ilipwe kiasi maalumu kwa kila mwanachama, augue asiugue. Hapo nasita, kwa sababu mganga aliyelipwa kabla ya kazi anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani na panadol. Nasita pia kuhusu makato ninayoyafanya mwenyewe kwenye madai ya hospitali: karatasi hainionyeshi kila mara kama nimezuia wizi au nimemnyima haki daktari aliyekuwa mwangalifu kupita kiasi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetaja ushuru wa vinywaji vyenye gesi, vileo na michezo ya kubahatisha kuwa vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo. Ningependa wabishani wetu wahamie huko: ushuru huo utatosha wangapi, nani ataamua kwamba mama muuza mchicha hana uwezo, na hospitali itakayompokea, iwe ya nani, italipwa kwa utaratibu gani.