Mtu mmoja hawezi kuwa diaspora

Majuzi nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Tanga. Viti vya plastiki uani, soda zinapita, katibu na daftari lake la ahadi mapajani. Zamu ikamfikia binamu yangu, aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Mwenyekiti akakohoa kidogo, akatabasamu: “Haya, diaspora wetu, wewe tukuandikie ngapi?” Watu wakacheka. Binamu, ambaye kule analea wazee kwa zamu za usiku, akataja kiasi ambacho nilijua kitamuumiza. Katibu akaandika. Nilichungulia daftari: wengine wote wana majina, yeye kaandikwa “Diaspora”, kisha tarakimu.

Neno hili nimeshalivumilia sana. Leo niseme.

Maana yenyewe haina ugumu. Diaspora ni jamii ya watu waliotawanyika kutoka kwao, wakaweka makazi kwingine, na huko waliko wanajuana, wanajihesabu watu wa asili moja, wala hawajakata mguu walikotoka, hata kama ni kwa salamu tu. Ni jina la kundi, kama ukoo. Hakuna anayesema “nimekutana na ukoo mmoja stendi”. Tunasema mtu wa ukoo fulani. Aliye mmoja ni mwanadiaspora, kama alivyo mwanakijiji. Hilo la “madiaspora” nalo nimelisikia, na sina la kuongeza.

Wala diaspora si mahali. “Siku hizi yuko diaspora” ni sawa na kusema yuko ukoo. Mahali pale tunalo jina letu, tena zuri kuliko watu wanavyodhani: ughaibuni. Ndani yake mna ghaibu, neno tulilolitoa kwa Waarabu, yaani kutokuwapo, kutoonekana. Mtoto wa chuoni anayesoma sura bila kutazama msahafu anasoma kwa ghaibu. Mtu akifia mbali, jamaa zake waliobaki humswalia swala ya ghaibu. Kwa hiyo ughaibuni ni kule aliko mtu ambaye macho yetu hayamfikii. Neno limesimama upande wetu sisi tuliobaki, linatazama njia aliyoondokea.

Diaspora limesimama kwingine kabisa. Ni la Kiyunani. Kitenzi speiro ni kusia mbegu, na dia inatia maana ya kusambaa huku na huku. Spora, zile chembe za ukungu zinazopeperuka mpaka zikatua kwenye mkate wako, zimetoka shina hilohilo. Wayahudi walipoitia Torati katika Kiyunani, karne kadhaa kabla ya Kristo, neno hili waliliweka kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 28, palepale penye laana: mkiasi, mtatawanywa katika falme zote za dunia. Lilianza kama neno la msiba, basi, halikuanza kama cheo. Na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili walishakutana nalo zamani bila kulijua. Petro anapofungua waraka wake wa kwanza kwa kuwasalimu watu wa “Utawanyiko”, katika Kiyunani pale pana diaspora. Watafsiri walipata neno la kwetu, likakaa vizuri, na sijawahi kusikia mtu akiulizwa, “Wewe Utawanyiko, unatoa ngapi?”

Zamani tulikuwa wakweli zaidi. Tulisema yuko majuu, yuko mamtoni, anabeba boksi. Ulikuwa utani, lakini angalau boksi lilionekana. Diaspora limetujia likiwa limevaa suti, kutoka makongamano na hotuba. Umoja wa Afrika uliliwekea maana mwaka 2005: watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara, uraia wao uwe wowote, walio tayari kuchangia maendeleo ya bara na ujenzi wa Umoja huo. Kwa kipimo hicho Mkenya aliyehamia Johannesburg hamo, maana hajatoka nje ya bara. Na hilo sharti la mwisho, la kuwa tayari kuchangia, mwenyekiti wetu wa kikao angelipenda sana.

Hapa ndipo panaponikera hasa. Neno limegeuka kipimo cha mfuko. Viti viwili kutoka kwa binamu alikaa Ami, kofia ya viua kichwani, na yeye aliahidi elfu hamsini akaandikwa kwa jina. Hakuna aliyemwita diaspora. Na babu yake alishuka na jahazi la kaskazi kutoka Hadhramaut, kule Yemen! Watu wa huko tunawaita Washihiri, kwa jina la bandari yao ya Shihr, hata yule aliyetoka Seiyun au Tarim, ndani kabisa ya bonde. Wengi walianza kama wachukuzi wa maji, mahamali na wauza kahawa katika mitaa ya Mombasa na Unguja. Wengine walikuwa masharifu na wanazuoni. Ndugu zao walikwenda upande wa pili wa bahari, Hyderabad, Singapore, Java. Maulidi yanayosomwa Lamu kwenye msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Saleh, yalitungwa Seiyun na Habib Ali al-Habshi, na hadi leo yanaitwa maulidi ya Habshi. Ami ana jamaa Jedda na Jakarta. Wengine hajawahi kuwaona kwa macho, lakini anasema akifika na kutaja jina la ukoo wake, pa kulala hapakosekani. Kiswahili chake ni cha Tanga tupu. Ukitaka kumwonyesha mtu diaspora, mpeleke barazani kwa Ami.

Muscat, huko Oman, mambo yanapinda zaidi. Wako walioondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na walioitika Sultani Qaboos alipoishika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi. Kwa nasaba, hao wamerudi kwao. Walipofika wakaitwa Wazanzibari, kwa kuwa nyumbani waliongea Kiswahili. Sasa diaspora ni ya wapi? Walipokuwa Unguja walikuwa utawanyiko wa Oman. Walipofika Oman wakawa utawanyiko wa Unguja. Mimi sioni kosa hapo. Jamii moja inaweza kubeba yote mawili.

Lakini binamu yangu? Nilimuuliza usiku ule, tunarudi kwa miguu. Mji anaokaa ni mdogo, hajawahi kukutana na Mtanzania mwenzake pale. Hana kikundi cha kufa na kuzikana, hana msiba anaoitwa, na sikukuu iliyopita aliila kazini na sandwichi. Huyo yuko ughaibuni, tena ughaibuni hasa. Diaspora bado hajaipata.

Kesho yake nilipita kwa mwenyekiti, nikamweleza kwa adabu maana ni mjomba.

“Kwani nimemtukana?”

“Hapana, mjomba. Ila hilo ni jina la watu wengi, na yeye kule yuko peke yake.”

Akanyamaza kidogo. Akaagiza daftari, akapiga mstari juu ya “Diaspora”, akaandika jina la binamu kwa herufi kubwa. Tarakimu aliiacha vilevile.