Homa Haingoji Janga Lipite

Kila ugonjwa mpya unapotangazwa, iwe korona Machi 2020, Ebola ya Mubende nchini Uganda Septemba 2022, au mpox iliyothibitishwa Taita Taveta Julai 2024, wagonjwa wa Kisumu, Siaya na Kakamega hurudi na kauli ileile: "Niliogopa kuja, daktari, nikaona nisubiri kwanza." Mama mmoja amesubiri siku nne. Mtoto mgongoni amelegea, viganja vyeupe kama karatasi, na mfukoni mwa mama kuna nusu pakiti ya dawa iliyonunuliwa kwa kemisti. Kusubiri huku kuna sababu zake, nyingine za kweli na nyingine za kusikia. Tuzichambue, tukianza na ile inayotuzalishia kazi nyingi kuliko zote.

"Nikienda na homa watasema ni korona, nifungiwe"

Hofu hii haikuzuka tu. Wiki za mwanzo za korona, 2020, watu walipelekwa karantini na kudaiwa gharama za malazi, mpaka Mei mwaka huo serikali iliposema itawalipia waliomo katika vituo vyake. Mwezi uliofuata ukatoka mwongozo wa kujitenga nyumbani kwa wasio na dalili kali. Tangu hapo mwenye mafua ya korona alirudishwa kwake na maelekezo, si kufungiwa. Lakini habari ya kufungiwa ilikuwa imeshafika kila soko, na ile ya kufunguliwa haikupata wa kuieneza.

Likaongezeka tangazo la redioni: ukiwa na homa na kikohozi chepesi, kaa nyumbani. Ushauri huo unafaa mahali pasipo na malaria. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziambia mapema nchi zenye malaria kwamba mwenye homa apimwe mara moja, janga au hakuna janga. Ukanda wa Ziwa, kuanzia Migori na Homa Bay, ukipita Kisumu, Siaya na Vihiga hadi Busia na Bungoma, ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya. Huku, homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Haisubiri kwa sababu vimelea vya falsiparum, aina hatari zaidi ya malaria, huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu, na takriban kila saa 48 kizazi kipya huzipasua chembe hizo na kuvamia nyingine. Siku nne za kusubiri ni vizazi viwili. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuamka na homa ya kawaida Jumatatu na kufikia degedege Jumanne usiku. Dalili zisizotaka hata mjadala ni hizi: kutapika kila anachopewa, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, usingizi usioamshika, kupumua kwa haraka au kwa kina, macho ya manjano, mkojo mweusi kama soda ya kola, na viganja kupauka. Hapo ni sindano ya artesunate ya mshipani: ya kwanza akifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza, kisha akiweza kumeza amalize dozi kamili ya vidonge. Hemoglobini, yaani wekundu wa damu unaobeba oksijeni, ikishuka mno anahitaji kuongezewa damu. Na damu yenyewe ilikuwa shida: wanafunzi ndio waliokuwa wachangiaji wakubwa nchini, na shule zilifungwa Machi 2020. Kwa hiyo aliyechelewa alifika na mahitaji makubwa zaidi wakati benki ya damu ina kidogo zaidi.

Mwaka huo wa 2020, kwa makadirio ya WHO yaliyotolewa mwaka uliofuata, malaria iliua watu 627,000 duniani, 69,000 zaidi ya mwaka uliotangulia. Karibu theluthi mbili ya nyongeza hiyo ilitokana na huduma kuvurugika, na idadi kubwa ya waliokufa ni watoto wa Afrika.

Kuhusu kipimo, watu wanachanganya. Cha malaria ni tone la damu kutoka kidoleni, majibu dakika 15 hadi 20. Cha korona ni kijiti cha puani. Hakuna anayechomwa kidole kupimwa malaria akatoka na jibu la korona. Unaweza kuwa na vyote viwili, naam, na kila kimoja kitatibiwa kivyake.

Sasa tuje kwa kemisti, maana hapo ndipo "kusubiri" hufanyika. Kumeza dawa bila kupimwa ni kosa la kwanza. La pili ni kununua pungufu. Dawa ya kawaida ya malaria isiyo kali ni AL (artemether na lumefantrini), dozi 6 kwa siku 3, na kiasi cha kila dozi hufuata uzito, si umri wala ukubwa wa mdomo: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 kwenda juu, vidonge 4, yaani vidonge 24 kwa matibabu yote. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni. Imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Chai ya rangi haitoshi. Akitapika ndani ya nusu saa, apewe tena. Akitapika tena, njooni, hiyo si malaria ya nyumbani. Mtoto wa chini ya kilo 5 na mama mjamzito hawatibiwi kwa kemisti kabisa.

Kinachotokea badala yake ni kwamba pakiti ya mtu mzima inagawanywa kwa watoto wawili kwa macho tu, homa inashuka baada ya dozi ya pili, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini vingoje mgonjwa mwingine. Panado nayo inashusha joto na kumtuliza mama wakati vimelea vinaendelea na kazi. Baada ya wiki mgonjwa anarudi, anapimwa kwa kile kipimo cha haraka, kinasema ndiyo, basi anameza AL tena. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa hivi karibuni anahitaji damu isomwe kwa hadubini. Usipotuambia ulichomeza, tunakisia, na huenda tukatibu malaria iliyokwisha huku nimonia ikiendelea.

Kama kweli unaogopa foleni, kuna njia ambayo watu wengi wa ukanda huu wanaisahau: mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Katika kaunti za malaria nyingi wamefunzwa kupima kwa kidole na kutoa AL mlangoni kwako. Mpigie kwanza kuuliza kama ana vipimo, maana huishiwa. Na ikiwa unaishi Nakuru, ambako malaria ni chache, usiwaze tu baridi ya Menengai: ukipata homa baada ya kurudi kutoka nyumbani Siaya au Busia, mwambie daktari ulikotoka. Asipojua, hatakumbuka kuagiza kipimo.

"Hospitali ndiko korona iliko"

Nusu ya kweli. Chumba kilichofungwa madirisha chenye watu thelathini ni hatari, kiwe cha hospitali, cha kanisa au cha matatu ya kwenda Luanda ya Vihiga. Kwa hiyo kaa nje kwenye benchi, vaa barakoa inayofunika pua, mwambie wa langoni kama unakohoa ili uelekezwe upande wa wanaokohoa, na uje na msindikizaji mmoja, si ukoo. Watu walewale walioogopa zahanati tuliwaona kwenye matanga, bega kwa bega, siku tatu mfululizo. Hatari ya dakika arobaini chini ya mwembe wa zahanati ipimwe kwa mizani hiyohiyo.

"Tangawizi, ndimu na mvuke vitatosha"

Hiyo ni chai. Inywe. Mvuke umewaunguza watoto kwa maji moto. Ama klorokwini iliyosakwa madukani 2020: haikutibu korona, na kwa malaria ya falsiparum Kenya iliiacha kuwa dawa ya kwanza tangu 1998 kwa kuwa vimelea vilishaizoea.

"Chanjo ya mtoto itangoja"

Surua haingoji. Ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo wazazi huitupa hata pasipo janga. Ya malaria, iliyoanzia Homa Bay Septemba 2019, ina dozi nne, na ya nne huja mtoto akiwa ameshaanza kukimbia, kwa hiyo husahaulika. Ukichelewa, haturudii kuanzia mwanzo. Tunaendelea pale ulipoachia, isipokuwa ya rota, ile ya kuzuia kuhara, ambayo ina kikomo cha umri. Usikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Nesi akikukaripia, mtoto ameshachanjwa.

"Nikikohoa mbele za watu watanikimbia"

Basi wengi walificha kikohozi, na kifua kikuu kikafaidika: 2020 vifo vyake duniani viliongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Korona huonyesha sura yake kwa siku chache. Kikohozi kilichofika wiki mbili, hasa kikiwa pamoja na jasho la usiku na kukonda, kinataka makohozi yapimwe. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Matibabu ya kawaida ni miezi sita.

"Dawa zangu nitachukua mambo yakitulia"

Hii ni ya wenye ARV, presha na sukari. Wa ARV wanaweza kupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja wakiwa imara, ombeni. Ukikwama mbali na kliniki yako, ingia kituo chochote cha ARV kilicho karibu ukiwa na kadi, utapewa za kukuvusha. Kugawana vidonge na mwenzako ili visukume mwezi ni kuwafunza virusi kuizoea dawa. Wa presha husema hawasikii chochote. Presha ya 170 kwa 100 mara nyingi haisikiki. Na hao ndio korona iliwaumiza zaidi.

"Usiku wakati wa kafyu huwezi kwenda kujifungua"

Amri ya 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, haikukataza dharura ya hospitali. Tatizo lilikuwa boda boda kuogopa rungu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Dawa yake ni mpango wa mapema: kuanzia mwezi wa nane wa mimba uwe na namba za waendeshaji wawili waliokubali, pesa ya nauli kando, na kijitabu cha mama na mtoto juu ya begi. Damu ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni, hakuna kungoja kupambazuke.

"Si mlikuwa kwenye mgomo?"

Hili si dhana potofu. Desemba 2020 maafisa wa kliniki na wauguzi waliweka vifaa chini, madaktari wakafuata, na aliyekuta mlango umefungwa hakosi haki ya kulalamika. Hospitali za misheni ziliendelea, kwa ada. Jua ya karibu nawe ni ipi na inatoza nini kumuona daktari kabla hujaugua. Popote uendapo, nenda na pakiti tupu ya dawa uliyomeza. "Vile vidonge vyeupe" havitusaidii. Tunavyo vya aina mia.